Kung'arisha Si Kutengeneza

Saa saba usiku, bando linaelekea kuisha, na bado niko macho nikimtazama mtu nisiyemjua akikwangua kutu. Hasemi neno. Uso wake hauonekani. Ninachoona ni mikono miwili ndani ya glavu nyeusi, meza safi kama ya hospitali, na jiliwa la zamani ambalo mtaani kwetu lingeshapimwa kwa kilo na mtu wa vyuma kuukuu. Analifungua skrubu moja baada ya nyingine. Anazipanga sehemu zote kwenye kitambaa cheupe. Anazitumbukiza kwenye dawa na maji yanageuka rangi ya strungi. Dakika 20 baadaye jiliwa linang'aa hadi unaweza kujitazama ukichana nywele. Video inaisha. Nafungua nyingine.

Tuko wengi. Video za kufufua vitu vikuukuu hutazamwa na mamilioni ya watu, na zile bora ni kazi ya mkono kweli kweli. Sikuja hapa kuzicheka. Nimezitazama kwa miaka mitatu nikiamini kwamba zinanifundisha kutengeneza vitu, na siku nilipoiga nilichojifunza nikaharibu kitu ambacho pesa haiwezi kurudisha. Kwa hivyo huu ni uhakiki wa mtu aliyeumia. Tuanze na video zenyewe, halafu nitafika kwa cherehani ya shosho.

Kwanza nizipe haki yake. Utanzu huu una kanuni kali, karibu kama shairi lenye vina na mizani. Lazima kitu kianze kikiwa hoi. Lazima kifunguliwe hadi mwisho, kisafishwe, kile kilichovunjika kiundwe upya, kirudishwe pamoja, halafu kizungushwe polepole mbele ya kamera. Zile nzuri hazina muziki wala maelezo. Unasikia msasa, maji, nyundo, skrubu ikilia inapoachia baada ya miaka mingi. Ukimaliza kutazama unahisi umepumua.

Chukua chaneli ya Uswisi inayoitwa my mechanics. Skrubu ikiwa imeliwa, huyu bwana hatafuti inayofanana nayo kwenye kopo. Anachukua kipande cha chuma, anakifunga kwenye mashine ya kukereza, na anaunda skrubu mpya kwa kipimo kile kile. Ukiwa umekulia mahali ambapo skrubu inayopotea inabadilishwa na msumari uliokunjwa, unabaki mdomo wazi. Hiyo ni heshima kwa kitu, na ni heshima kwa mtu aliyekiunda mara ya kwanza.

Na tunapenda kwa sababu nyingine. Sisi tumekulia kwenye vitu visivyofunguka. Simu imefungwa kwa gundi. Betri ya eafoni ikifa, eafoni nayo imekufa. Blenda ina gia ya plastiki ndani, ikivunjika jino moja unaambiwa nunua ingine, ni rahisi. Ndiyo maana kuona mashine inafunguka hadi skrubu ya mwisho, na kila sehemu ina sababu ya kuwa pale, kunatuliza moyo. Ni kama kuambiwa kwamba dunia inaeleweka ukikaa nayo kwa subira.

Sasa tuangalie kilichokatwa. Uhakiki wowote wa picha inayotembea huanzia hapo, kwa yale ambayo kamera haikutaka tuone.

Mwenye kitu hayupo. Jiliwa, pasi, taa au shoka linatua mezani kana kwamba limeanguka kutoka mawinguni. Nani alilitumia? Alikuwa anakaza nini? Mpini umelika upande mmoja kwa sababu mtu alikuwa anatumia mkono wa kushoto, ama ni kwa sababu gani? Video haiulizi. Upande uliolika unasawazishwa kwa msasa, mambo yanaisha.

Bei haipo. Mchanga wa kupulizia kutu, dawa, mashine ya kukereza, wiki nzima ya kazi, na kitu chenyewe ukienda sokoni huenda hakifiki sehemu ndogo ya gharama hiyo. Si kosa, mtu anaweza kupenda kazi yake. Lakini ukiitoa bei kwenye hadithi ya ufundi, umetoa mazungumzo yote kati ya fundi na mteja: inafaa kutengenezwa, ama haifai? Nikiweka ya kawaida itadumu mwezi ama mwaka? Una ngapi leo?

Kesho haipo. Hili ndilo kubwa. Video inaisha kitu kikiwa safi kuliko kitakavyowahi kuwa tena. Mara nyingine shoka linakata tawi moja, au pasi inanyoosha kitambaa kimoja, kama salamu tu. Hatujui kama mwezi ujao kinafanya kazi. Hatujui hata kama kuna mtu anakihitaji.

Ndiyo sababu utanzu huu ni rahisi kuuiga kwa uongo. Ziko video ambazo kitu kizima kinapakwa matope na kutu ya kubandika, halafu "kinafufuliwa" tupige makofi. Watu wanakasirika wakigundua. Mimi nadhani uongo huo unatuonyesha jambo. Kama kitu hakina mwenyewe, hakina bei na hakina kazi kesho, nani atalalamika kwamba kutu ilikuwa feki? Fundi feki wa mtaani hadumu namna hiyo, kwa sababu mteja anajua kibanda chake kiko wapi.

Kuna kipindi kilichojaribu kuziba pengo hili. BBC walianza The Repair Shop mwaka 2017, ndani ya jengo la kale kwenye jumba la makumbusho la wazi kusini mwa Uingereza. Humo mwenye kitu anaingia kwa miguu yake. Anabeba saa ya babu, redio ya marehemu, mdoli wa utotoni, na anaeleza. Mafundi wanasikiliza kabla ya kushika chochote, na mara nyingi wanauliza swali ambalo video za kimya haziwezi kuuliza: tuache alama zipi? Hapo napiga saluti. Lakini angalia vile kila kipindi kinamalizika. Kitambaa kinafunuliwa, mwenyewe analia, anarudi nyumbani na kitu chake. Bei haitajwi. Na vitu vingi vinarudi kuwa kumbukumbu. Saa inapiga, ndiyo, lakini hakuna mtu atakayechelewa kazini isipopiga. Machozi yamechukua nafasi ya matumizi.

Nilikuwa najua haya yote? Hapana. Nilikuwa najua kutu inatoka vipi.

Shosho yangu alikuwa fundi wa nguo Thika. Cherehani yake ni Singer nyeusi ya mguu, ile ya kukanyaga, na namba iliyogongwa kwenye chuma inaanza na herufi E, alama ya zile zilizotoka kiwanda cha Clydebank kule Scotland. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980. Cherehani yenyewe iliendelea kushona sare za shule hadi shosho alipofariki. Kila Januari nyumba yake ilijaa kitambaa cha buluu na kijivu, na wazazi waliosimama mlangoni wakisema watalipa nusu leo, nusu mwisho wa mwezi.

Baada ya mazishi cherehani ililetwa kwetu Kayole, ikawa meza ya kuwekea televisheni. Halafu mama akapunguzwa kazi. Alikaa siku kama nne bila kusema mengi, kisha akasema ataanza kushona, kama mamake. Wiki iliyofuata akaenda ushago kwa siku kumi. Mimi nikaona hapa ndipo. Nitamshangaza.

Nilifanya kama nilivyoona. Nilipiga picha za "kabla". Nikafungua kila kitu, nikapanga sehemu kwenye shuka jeupe. Nikaosha kwa mafuta ya taa, nikasugua kwa brashi ya waya, nikapiga msasa hadi chuma kikatoka cheupe. Yale maua ya dhahabu yaliyokuwa yamebaki nusu yakaenda. Nikapuliza rangi nyeusi ya gari, mikono mitatu. Kulikuwa na vipande viwili vitatu ambavyo sikuelewa vilitoka wapi, kimojawapo bati chakavu lililokunjwa mara mbili, dhahiri si la kiwandani. Nikalitupa. Siku ya tisa cherehani ilikuwa inang'aa kama kiatu cha askari siku ya Madaraka. Nikaweka picha mtandaoni. Watu wakaweka mioyo. Mmoja akauliza naiuza ngapi.

Mama aliporudi alifurahi, sitadanganya. Akaizunguka, akacheka, akasema mamake angeishangaa. Kisha akaketi. Mkono wake wa kulia ukaenda pale kando ya sindano, kidole cha shahada kikawa kinatafuta kitu juu ya chuma, kinaenda na kurudi, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Ile mistari iko wapi?"

Mistari ilikuwa mitatu. Shosho aliichora kwa msumari, upande wa kulia wa sindano. Wa kwanza ulikuwa wa nusu inchi, wa kushona ubavu wa shati. Wa pili ulikuwa mbali kidogo, wa sketi, kwa sababu alikuwa anaacha kitambaa cha ziada ndani ili mtoto akinenepa mzazi asinunue sare nyingine. Wa tatu ulikuwa wa pindo. Mama alijifunza kushona kwa mistari hiyo kabla hajajua kusoma futi. Unaweka ukingo wa kitambaa kwenye mstari, unakanyaga, unaenda.

Na mimi nilikuwa nimeiona. Hilo ndilo linaloniuma. Sikuipitia bila kujua. Niliitazama kwa makini, nikaihesabu kuwa uharibifu, na nikatumia karibu nusu saa kuhakikisha haibaki hata alama. Kwenye shule niliyosomea, mkwaruzo ni mkwaruzo.

Halafu haikushona. Ilikuwa inaruka. Mishono mitatu, pengo, mishono miwili, pengo.

Tuliifunga kichwa kwa leso, tukapanda matatu hadi Gikomba, kwa mzee mmoja ambaye kibanda chake kinatosha watu wawili na mashine nane. Aliitazama bila kuigusa.

"Nani ameipaka rangi?"

"Ni mimi, mzee."

"Ilikuwa imekataa kushona?"

"Hapana. Ilikuwa imechafuka tu."

"Sasa imekuwa safi, na imekataa."

Hakucheka. Akamgeukia mama, na swali lake la kwanza ndilo lililonifanya niandike makala hii. Hakuuliza ni ya mwaka gani. Hakuuliza ni orijino. Aliuliza, "Mama, unataka kushona nini?"

"Naanza na sare."

"Kitambaa kizito, basi."

Kila alichofanya baada ya hapo kilitokana na jibu hilo. Alinieleza kama unavyomweleza mtoto, na nilistahili. Sindano ikishuka na kuanza kupanda, uzi unajikunja nyuma yake, unafanya kitanzi kidogo. Huko chini kuna ndoana inayozunguka, nayo inapita wakati ule ule na kukidaka kitanzi. Ndio mshono huo. Nilipoifungua na kuirudisha, kile chuma kinachoshika sindano nilikiacha juu kidogo kuliko kilivyokuwa. Kidogo sana, huwezi kuona kwa macho. Lakini ndoana ikawa inapita chini kidogo ya kitanzi, inadaka mara moja, inakosa mara mbili. Alilegeza skrubu moja, akashusha, akazungusha gurudumu kwa mkono huku ameinamisha kichwa, akakaza. Akatoboa rangi niliyoziba nayo matundu ya mafuta. Akaongeza nguvu ya kile kiguu kinachokandamiza kitambaa, kwa ajili ya sare.

Kisha akafika kwenye kile kigurudumu kidogo cha kujazia bobini. Akakibonyeza. Hakikugusa gurudumu kubwa. Akachungulia nyuma yake.

"Hapa palikuwa na kitu."

Nikasema hapakuwa na kitu. Kisha nikakumbuka lile bati.

"Raba ikilika haifiki," akasema. "Mtu aliweka bati nyuma, ikafika. Alijua kazi, huyo."

Fikiria hilo. Alisoma kazi ya fundi mwenzake kutokana na pengo iliyoliacha. Mimi nilikuwa nayo mkononi nikashindwa kuisoma. Akachukua mkebe uliokuwa na misumari, akakata kipande, akakunja mara mbili, akakisukuma mahali pake. Bobini ikajaa. Mama akatoa kwenye mkoba kipande cha kitambaa cha kijivu, akashona mbele yake, kwenda na kurudi. Mzee akaomba 500. Mama akasema 350. Wakakutana 400. Tulikuwa tumekaa pale chini ya saa moja.

Sasa nirudi kwenye uhakiki, kwa sababu sitaki ionekane nasema tu kwamba wazee wanajua na vijana hawajui.

Kiswahili kina neno moja kwa kazi ambazo wengine wamezitenganisha. Kutengeneza ni kuunda kitu kipya, na kutengeneza ni kukirudisha kilichoharibika kazini. Fundi anatengeneza kiti, na fundi huyo huyo anatengeneza kiti kilichovunjika. Hatuoni mgongano. Na neno fundi lenyewe ni ndugu wa kufundisha na mwanafunzi. Neno la kisasa, ukarabati, tunalo pia, lakini hilo utalikuta kwenye mabango ya barabara iliyofungwa. Video za kufufua vitu ni za ukarabati. Zinataka kukirudisha kitu kwenye siku kilipotoka kiwandani, siku ambayo hakikuwa cha mtu bado. Kutengeneza, kwa maana ya yule mzee, kunataka kukirudisha kitu kwa mtu wake.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mkwaruzo ni nini. Ukiwa unarudi kiwandani, mkwaruzo ni uchafu, bati la mkebe ni aibu, na mpini uliolika ni kasoro. Ukiwa unarudi kwa mtu, hivyo ni maandishi. Vinakuambia kitu kilitumiwaje, kilivunjikia wapi, nani alikiokoa na kwa nini.

Lakini tusianze kuimba sifa. Jua kali ina wapambe wengi ambao hawajawahi kukaa juani. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilisaidia kueneza duniani wazo la sekta isiyo rasmi. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na baadaye wakajengewa vibanda vya mabati wapate kivuli. Mwaka 1992 serikali ikatoa waraka rasmi wa sera ambao jina lake lenyewe lilikuwa na maneno jua kali. Leo pita Kamukunji mchana uone: bado mtu anapasua pipa la mafuta kwa tindo, hana glavu, hana kitu masikioni, na kelele ile ameizoea tangu ujana. Mikono tunayoitazama kwenye simu ina glavu nyeusi. Hiyo nayo ni tofauti, na haipendezi kuisemea mashairi.

Na mafundi wetu pia wana mambo yao. Kila mtu anajua hadithi ya redio iliyoenda kutengenezwa sauti ikarudi bila spika. Kila mtu ameshaambiwa "kuja kesho" hadi kesho ikawa Pasaka. Tena wengi wanatengeneza kwa sababu mteja hana pesa ya kipya, na siku atakayopata atanunua kipya cha bei rahisi, na fundi atakosa kazi. Ndivyo ilivyowapata mafundi wa nguo baada ya mitumba kufunguliwa milango miaka ya tisini. Shosho alibaki na sare kwa sababu wakati huo sare haikuwa inapatikana mtumbani.

Nani basi ameandika kuhusu kazi hii vizuri? Nitataja mmoja. Kenneth King aliandika kitabu kuhusu mafundi wa Kenya mwaka 1977, The African Artisan, halafu mwaka 1996 akatoa kingine, Jua Kali Kenya, kinachofuatilia miaka 25 ya kazi hiyo. Si vitabu vya kusoma ufukweni. Ila vina kile ambacho video za dakika 20 hazina. Vinarudi. Vinauliza yule fundi wa taa za koroboi, na yule wa baiskeli, kazi imemfikisha wapi. Kesho imo ndani.

Na kwenye sanaa kuna Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi aliyejulikana kwa miwani anayounda kutokana na vyuma na mabaki ya vifaa vya umeme, na baadaye kwa kazi zake za baiskeli aina ya Black Mamba, zile nzito ambazo bodaboda imezisukuma kando. Kazi za Kabiru hazijifanyi zinatengeneza baiskeli. Anakubali kwamba imetoka kazini, na anaipa maisha mengine huku bado unaiona kuwa ni baiskeli, na unajua imeenda mwendo gani. Huo ni ukweli. Linganisha na ile mikahawa yetu ambapo miguu ya cherehani imekuwa meza ya kahawa na pasi ya makaa imekuwa pambo la dirishani, vyote vimepakwa rangi moja nyeusi. Pale unakunywa kahawa ya 400, bei ile ile mama aliyolipa kuirudisha cherehani kazini, na mguu wako unakanyaga pedali ambayo haizungushi kitu. Sisemi usiende. Mimi naenda. Ila sasa siwezi kukaa pale bila kujiuliza kichwa cha mashine kiko wapi.

Kwa hivyo ningependa kuona video gani? Ningependa kuona moja iliyopigwa kwenye kibanda cha Gikomba bila kukatwa sana. Mteja awepo, na haraka yake. Bei ijadiliwe tukisikia. Fundi aseme ukweli kwamba sehemu hii atabandika tu kwa sababu ndiyo inayowezekana kwa pesa iliyopo. Umeme upotee katikati, tungoje. Fundi mdogo aliye kando apewe bisibisi, akosee, aelekezwe. Na baada ya miezi sita kamera irudi ituonyeshe kama inafanya kazi bado. Labda haitatazamwa na mamilioni. Lakini mtu akiitazama saa saba usiku, asubuhi ataamka akiwa na swali sahihi mdomoni, kabla ya kuchukua msasa.

Bado nazitazama zile za glavu nyeusi. Bado ni nzuri. Juzi nimemwona bwana wa Uswisi akiunda skrubu, nikapumua kama zamani. Lakini siku hizi nikiona msasa unakaribia sehemu iliyolika, nasimamisha video kidogo, nichungulie kilichokuwa pale kabla hakijaondoka.

Mama anashona. Januari iliyopita alipata sare 31, nyingi za watoto wa ploti yetu na ile ya pili. Kwenye rangi yangu nyeusi, kulia kwa sindano, amebandika vipande vitatu vya seloteipu kwa kupima na futi. Joto la mkono linavibandua, kila baada ya wiki mbili anavibandika upya. Nilimuuliza mbona asichore tu kwa msumari, kama shosho.

Akasema ataona. Kwanza anataka kuwa na uhakika na vipimo.